Jinsi Tulivyomuuguza Chatu Aliyekonda

Wenzangu wengi, hasa wale wa madarasa ya chini, wameniuliza mara kwa mara habari za yule chatu aliyekaa nyuma ya jiko la shule yetu tangu Januari mpaka Mei mwaka 2025. Wengine wamesikia kwamba nilikuwa nikimlisha kuku kila siku, na wengine husema alilala kitandani pangu. Yote mawili ni uongo. Kwa hiyo nimeona afadhali niandike habari hiyo kama ilivyokuwa, pamoja na kosa langu mwenyewe, ili kila asomaye apate faida.

Kwetu ni Rumonge. Mtu akitoka Bujumbura na kufuata barabara ya pwani kwenda kusini, mwendo wa kilomita 70 hivi, ziwa la Tanganyika huwa kuume kwake na milima kushoto kwake, na katikati ni michikichi mingi kabisa. Watu wa kwetu wana kazi mbili kubwa, nazo ni mawese na samaki. Wavuvi hutoka jioni na taa zao, na usiku mtu akisimama ufukoni huona taa hizo juu ya maji kama mji mwingine uliojengwa ziwani. Ndagala huja kwenye mwanga, na wavu huwangoja chini. Lakini mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, ndagala hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Siku hizo wavuvi hushona nyavu zao.

Ilikuwa Jumamosi moja katikati ya Januari, siku za mbalamwezi. Sisi wanafunzi ambao kwetu si mbali tulipewa ruhusa kwenda nyumbani, nami nikaenda ufukoni kumsaidia mjomba wangu kushona nyavu. Yapata saa nne ya asubuhi akanituma kukata matete. Ziwa lilipofurika mwaka 2024 liliingia katika nyumba nyingi za pwani, na maji yalipopungua yaliacha takataka nyingi katika matete: chupa, mbao, na vipande vya nyavu kuukuu. Katika kipande kimoja cha wavu nikaona kitu kinatikisika. Nilidhani ni samaki. Kumbe ni nyoka.

Nilipiga kelele, mjomba akaja mbio na kafi mkononi, akaliinua ili apige. Kisha akasimama, akainama kumtazama vizuri. Akasema, "Huyu ni chatu, tena mtoto. Hana sumu." Mjomba alizaliwa na kukulia Tanzania, na zamani alifika Bujora, karibu na Mwanza, akaona Wasukuma wakicheza ngoma na chatu wazima mikononi. Ndiyo maana alimtambua. Lakini nataka niwaambie wenzangu hapa hapa: msishike nyoka msiyemjua. Katika ziwa letu yuko swila wa maji mwenye sumu kali, naye pia hukamatwa katika nyavu. Kama mjomba asingalikuwapo, mimi nisingalijua tofauti.

Uzi wa nailoni ulikuwa umemzunguka nyuma ya kichwa, kama shubiri moja kutoka puani, ukaingia katika nyama mpaka ngozi ikaanza kuota juu yake. Ilionekana kwamba uzi ule ulikuwapo siku nyingi. Mnyama mdogo kabisa pengine angaliweza kupita kooni, lakini mnyama wa kumshibisha asingalipita. Chatu huyu alikuwa katika mahali penye panya na vyura tele, naye alikuwa akifa kwa njaa.

Nikamsihi mjomba asimuue. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, ukimwokoa, mzigo ni wako. Usinililie mimi." Akamshika kichwa kwa kitambaa, nami nikaukata uzi kwa wembe, polepole, mikono ikinitetemeka. Tukamtia katika gunia.

Nyumbani bibi yangu alipojua kilichomo katika gunia alikasirika sana. Alisema, "Shikamoo zako nimezipokea, lakini gunia hilo halivuki mlango. Nyumba hii imelisha watu wengi, haijalisha nyoka." Basi gunia likalala nje chini ya ndoo, na Jumapili jioni nikalichukua mpaka shuleni, kwa mwalimu wetu wa elimu ya viumbe.

Mwalimu hakucheka wala hakushangaa. Alimtazama yule chatu, kisha akanifundisha namna ya kumjua nyoka aliyekonda. Nyoka mwenye afya, mwili wake ukikatwa kwa mawazo, ungekuwa mviringo kama mkate. Nyoka mwenye njaa mwili wake huwa na pembe tatu kama paa la nyumba, kwa maana nyama za pande mbili za uti wa mgongo zimekwisha, na uti wenyewe umesimama juu. Ngozi hulegea na kufanya mikunjo ubavuni. Macho hudidimia kwa kukosa maji. Huyu wetu alikuwa na dalili zote. Tukampima: urefu sentimita 96, uzito gramu 248. Wanafunzi walipomwona wakampa jina la Uzi, kwa wembamba wake na pia kwa kile kilichomfunga.

Mwalimu akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akawapelekea habari watu wa serikali wanaotunza mazingira, kwa sababu chatu ni katika wanyama wanaolindwa na mapatano ya mataifa ya mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama wa porini. Wakakubali tumuuguze, kwa sharti kwamba akipona arudishwe alikotoka. Seremala wa shule akatupa sanduku la mbao lenye wavu wa chuma juu, tukaliweka nyuma ya jiko, ambako ukuta huwa na joto mchana kutwa. Ndani tukaweka beseni la maji la kutosha mwili wake wote, na kisanduku kidogo kilichotobolewa tundu ili apate kujificha. Kidonda tulikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa.

Kisha mwalimu akatoa amri tatu. Ya kwanza, joto: upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 30 au kupita kidogo, na upande wa pili uwe baridi zaidi, ili nyoka achague mwenyewe. Ya pili, maji safi kila siku. Ya tatu, asishikwe, asitazamwe na makundi ya watu, na asilishwe kitu kwa muda wa juma zima. Akanipa mimi kazi ya kutunza daftari.

Amri mbili za kwanza nilizishika. Ya tatu niliivunja.

Siku ya nne, baada ya masomo, wenzangu kama kumi na wawili walinizunguka wakiniuliza, "Mbona hali? Au humpi kwa sababu huna?" Mimi niliona haya. Tena kusema kweli, nilitamani kuonekana mtu anayejua nyoka. Mtego wetu wa ghalani ulikuwa umemnasa panya mkubwa, mnono, mwenye uzito wa gramu 70 hivi. Nikamchukua yule panya aliyekwisha kufa, nikamshika mkia kwa koleo, nikamtikisa mbele ya Uzi. Hakukawia. Alimrukia, akamzungukia mara tatu, akaanza kummeza. Kazi ile ilichukua karibu nusu saa, na wenzangu walishangilia kama tumefunga bao. Usiku ule nililala kwa furaha, nikijiona nimefanya tendo jema.

Usiku uliofuata mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi mpishi alichelewa kuwasha moto. Ukuta ulikuwa baridi. Siku ya tatu nilipofungua sanduku nilipokewa na harufu mbaya sana. Uzi alikuwa amemtapika yule panya, ameoza nusu, naye mwenyewe amelala kando, kinywa wazi kidogo, ute ukimtoka. Nilidhani amekufa. Nilipomgusa akasogea kama mtu anayegeuka usingizini. Tukampima: gramu 231.

Mwalimu aliniuliza swali moja tu. "Siku ile ulimlisha nani, chatu au watazamaji?" Sikuwa na jibu. Kisha akanieleza kwa upole kwamba nyoka hana joto lake mwenyewe kama sisi. Joto la nje ndilo linalompikia chakula tumboni. Joto likipungua chakula hakisagwi, bali huoza ndani, na nyoka hana njia ila kukitapika. Na kutapika kwenyewe humwondolea maji na nguvu ambazo hana, na huunguza koo lake. Nyoka mnene huweza kutapika akapona. Nyoka aliyekonda akitapika mara mbili au tatu mara nyingi hufa.

Ilikuwa Jumamosi, nikaenda nyumbani nikiwa na moyo mzito. Bibi akanitazama, akauliza nina nini. Nilimwambia yote, nikitazamia kwamba atafurahi, kwa kuwa hakumpenda yule nyoka. Hakufurahi. Aliweka chini ungo wake, akanieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kinywani mwake.

Mwaka 1972, bibi alipokuwa msichana wa miaka kumi, watu wengi wa pwani hii walikimbia vita na mauaji. Wazazi wake walimchukua pamoja na ndugu zake, wakajificha katika matete siku kadhaa bila chakula, kisha wakavuka kwa mtumbwi kwenda upande wa Kigoma. Walipofika, watu wa kijiji waliwahurumia wakawapa walivyokuwa navyo, maharagwe na ugali na samaki. Wakimbizi wakala kwa pupa. "Usiku ule," akasema bibi, "tulisikia watu wakiugua kila upande. Kaka yangu mdogo alivimba tumbo. Asubuhi mama mmoja mzee wa kijiji akaja na sufuria ya uji mwepesi kama maji, akatukataza kitu kingine chochote. Kijiko kidogo, kisha kungoja. Kijiko tena, kisha kungoja. Tulilia tukimwona mchoyo. Kumbe yeye ndiye aliyetupenda. Mjukuu wangu, mwenye njaa ya siku nyingi hashibishwi, huuguzwa."

Nikamuuliza, "Na kaka yako, bibi?" Akasema, "Alipona. Ni huyo babu yako aliyekufundisha kuogelea." Akachukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Niliporudi shuleni nilimpa mwalimu habari hiyo, naye akaniambia kwamba mama yule mzee alijua jambo ambalo waganga wa Ulaya walijifunza kwa uchungu. Vita kuu vya pili vilipokwisha mwaka 1945, askari waliofungua makambi ya wafungwa waliwapa watu waliokonda vyakula vizito kwa huruma, na wengi wakafa wakiwa wanakula. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hubadili kazi zake. Hupunguza mwendo wa kila kiungo ili uishi kwa kidogo. Chakula kingi kikiingia ghafula, chumvichumvi za damu huhama kwa haraka kuingia katika nyama, na moyo huweza kusimama. Ndiyo sababu leo katika vituo vya afya, mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa hupewa kwanza maziwa mepesi ya tiba yaitwayo F-75, kidogo kidogo, mchana na usiku. Hapewi maziwa mazito zaidi ya F-100 mpaka mwili wake utulie.

Kwa chatu jambo hili ni kubwa zaidi. Mwalimu alitueleza kwamba wataalamu waliochunguza chatu wa Asia walikuta utumbo wake, ini lake, hata moyo wake, huongezeka ukubwa ndani ya siku mbili au tatu baada ya kula, kisha hupungua tena kazi ikiisha. Yaani chatu asiyekula amezima karibu mashine yake yote, na kuiwasha tena ni kazi inayotaka nguvu. Ukimpa mzigo mkubwa kabla hajawa na nguvu za kuwasha, unamwua kwa zawadi yako.

Basi tukaanza upya. Siku 14 hakupewa chakula hata kidogo. Nilimbadilishia maji asubuhi na jioni, na kila siku ya pili nilimtia katika beseni la maji ya uvuguvugu, kina chake kisichofika mgongo wake, kwa muda wa robo saa. Siku za mvua nilijaza chupa mbili maji ya moto, nikazifunga katika matambara, nikaziweka upande wa jiko, na usiku niliamka mara moja kuzibadili. Kipimajoto cha maabara kilining'inia ndani ya sanduku. Kila mara nilinawa mikono kwa sabuni, kwa sababu nyoka huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha hata kama mwenyewe haumwi. Wenzangu waliotaka kutazama niliwafukuza, na wengine waliniita jina la Bwana Nyoka. Nilivumilia.

Siku ya kumi hivi macho yake yakawa meupe kama maziwa. Nikaogopa kwamba anapofuka, lakini mwalimu akasema anataka kujivua gamba. Gamba lilitoka vipande vipande, si kama soksi nzima linavyotoka kwa nyoka mwenye afya, na kipande kilichobaki juu ya kovu tulikilainisha kwa kitambaa chenye maji mpaka kikaachia chenyewe. Hatukukivuta.

Tarehe 8 Februari nilimpa mtoto wa panya mwenye gramu 12, yaani sehemu moja ya ishirini ya uzito wake. Alimmeza kwa kufumba na kufumbua, akainua kichwa kutafuta mwingine. Ndugu zangu, hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Kumnyima aliye na njaa naye anakutazama ni kugumu kuliko kumpa. Lakini nilifunika sanduku nikaenda zangu. Nilihesabu siku moja, mbili, tatu, nne. Hakutapika. Siku ya sita nikakuta kinyesi chake, nami nikakimbia kumwambia mwalimu kama mtu aliyepata barua ya kheri.

Baada ya siku nane akapata gramu 15, na baada ya siku nane tena gramu 20. Panya wote walikuwa wamekufa kabla hajapewa, kwa kuwa panya aliye hai humng'ata nyoka dhaifu na kumtia vidonda. Wote pia walitoka katika mitego yetu ya ghalani, ambako hapatumiki sumu. Panya aliyekula sumu ni sumu kwa amlaye. Mwisho wa Februari tukampima: gramu 248. Majuma sita ya kazi, nasi tuko pale pale tulipoanzia! Mwenzangu mmoja akasema ni hasara tupu. Lakini mwalimu alinionyesha mgongo wake, kwamba sasa ngozi imekaza, na macho yamejaa, na ulimi unatoka mara kwa mara kunusa hewa. Gramu zilikuwa zile zile, lakini mnyama hakuwa yule yule.

Toka hapo tukamwongezea mpaka sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mara moja kwa juma. Daftari langu linasema hivi: mwisho wa Machi gramu 305, mwisho wa Aprili gramu 385, tarehe 20 Mei gramu 428, na urefu sentimita 104. Paa la nyumba likawa mkate.

Nisifiche jambo moja lililonisumbua. Siku moja mama mmoja aletaye mboga jikoni aliniona na panya mkononi, akaniuliza ninakwenda wapi naye. Nilipomwambia, akasema, "Nyoka ananenepeshwa, na watoto wetu je?" Hakusema kwa ukali. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba katika Burundi watoto 56 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa kukosa lishe bora. Nilimjibu kwamba chatu hali chakula cha watu, bali hula panya wanaokula maharagwe yetu. Jibu hilo ni la kweli, lakini nililala nalo nikaona halitoshi.

Mwezi wa Aprili, nikiwa nyumbani, nilimkuta jirani yetu akinung'unika mbele ya bibi. Mtoto wake alikuwa amelazwa katika kituo cha afya kwa utapiamlo, na yeye alitaka kumtoa. Alisema, "Wananipa kikombe kidogo cha maziwa kwa mtoto anayekufa njaa! Mimi nina ugali na ndagala nyumbani." Bibi akanitazama. Basi nikamweleza yule mama kwa heshima, neno kwa neno, kwa nini kikombe ni kidogo, na kwa nini kitaongezwa baadaye, na kwamba kumtoa sasa ni hatari. Bibi naye akaongeza habari ya uji wa Kigoma. Yule mama alikaa kimya, kisha akarudi kituoni na kanga yake na mkeka wake. Mtoto alitoka baada ya majuma matatu, anatembea. Sijamwambia mpaka leo kwamba nilijifunza kwa nyoka.

Ulipofika wakati wa kumrudisha Uzi, nilitafuta sababu za kumweka. Alikuwa amezoea sauti ya hatua zangu, au mimi nilipenda kufikiri hivyo. Mtu mmoja wa mjini alisikia habari akaja kutaka kumnunua, akitaja fedha nyingi, lakini hakusema anamtakia nini, nasi tulijua kwamba ngozi ya chatu ina soko lake. Tukamkatalia. Lakini nikamwambia mwalimu, "Basi nimweke mimi mpaka nimalize shule." Akajibu, "Chatu mzima huweza kupita mita nne. Sanduku lako lina mita moja. Na sharti tulilokubali je?" Nikanyamaza, kwa maana nilikwisha kuvunja amri moja, sikutaka kuvunja ya pili.

Mjomba alitupakia katika mtumbwi wake, mimi na mwalimu na bwana mmoja wa mazingira, tukaenda kusini mpaka karibu na mto Murembwe, mahali penye matete mengi na nyumba ziko mbali. Nilifungua gunia juu ya nyasi. Uzi alitoka nusu, akatulia, akaonja hewa kwa ulimi. Kovu lake jeupe lilionekana shingoni kama pete. Kisha akaingia katika matete bila haraka, na mkia wake ukawa wa mwisho kuonekana. Hakugeuka nyuma, wala sikuona sababu ya yeye kugeuka.

Wakati wa kurudi mjomba hakusema mengi. Lakini tulipopita mahali pale tulipompata, alisimamisha mtumbwi, akashuka majini, akaanza kung'oa vipande vya nyavu vilivyonaswa katika matete, akavitupa ndani ya mtumbwi. Nami nikashuka. Tulijaza mtumbwi nusu. Tangu siku ile, kila mbalamwezi wavuvi wanapopumzika, sisi wawili hupita na kusafisha sehemu yetu ya pwani, na vijana wengine wanne wa kwetu wamejiunga.

Basi wenzangu, nimeandika mengi juu ya mnyama ambaye wengi wenu mnamchukia, hata bibi yangu bado anamchukia. Ninyi mtakaokuwa waganga, au walimu, au wazazi, mtakutana na aliyekonda, akiwa mtu au mnyama, naye atakutazama kwa njaa na wengine watasimama wakiwatazama ninyi. Siku hiyo kumbukeni daftari langu: kwanza joto, maji na utulivu, kisha chakula kidogo, kisha kungoja. Ukiona mkono wako unaharakisha, jiulize unamlisha nani.